Warumi walikuwa kabila gani?

Katika Matendo ya Mitume sura ya 22 kuna tukio ambalo wengi tumelisikia likisomwa bila kulitilia maanani. Paulo amekamatwa Yerusalemu, amefungwa kamba, na askari wako tayari kumchapa mijeledi. Anamgeukia akida na kumuuliza kama ni halali kumpiga Mrumi ambaye hajahukumiwa. Jemadari anaitwa, anakuja mwenyewe kuhakikisha: wewe ni Mrumi? Paulo anakubali. Jemadari anasema yeye alipata uraia huo kwa fedha nyingi. Paulo anamjibu kwamba yeye amezaliwa nao.

Hebu watazame hao wawili. Mmoja ni Myahudi wa kabila la Benyamini, mzaliwa wa Tarso, mji wa kusini mwa Uturuki ya leo. Wa pili tunatajiwa jina lake katika sura inayofuata: Klaudio Lisia. Lisia ni jina la Kigiriki. Klaudio ni jina la ukoo wa kaisari, na desturi ilikuwa kwamba anayepewa uraia huchukua jina la ukoo wa aliyempa. Sura ya 21 inatuambia pia kwamba mazungumzo yao yalianza kwa Kigiriki. Kwa hiyo tuna Warumi wawili wanaoongea Kigiriki katika mji wa Wayahudi, na hakuna hata mmoja kati yao mwenye asili ya Roma.

Huku kwetu ukishataja jina lako, swali la pili huwa "kabila gani?" Swali hilo hilo limewasumbua wasomi kuhusu Warumi kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Ugumu wake ni kwamba ndani yake mna maswali kadhaa yaliyofungwa pamoja: walizungumza lugha ya nani, walizaliwa na nani, walijiona nani, na nani alikubaliwa kuwa mmoja wao. Majibu yake hayaelekei upande mmoja, na mabishano mengi hutokea mtu anapochukua jibu la swali moja akalibandika kwenye jingine.

Mkimbizi wa Troya

Warumi wenyewe walikuwa na jibu. Simulizi ambayo mshairi Virgil aliifanya kuwa utenzi mkubwa wakati wa Kaisari Augusto inaanzia Troya, kaskazini-magharibi mwa Uturuki ya leo. Wagiriki wameuteketeza mji. Aeneas, mwana wa mungu wa kike Venus, anatoka motoni akiwa amembeba baba yake mzee na kumshika mwanawe mkono. Anatangatanga baharini, anatua Karthago, Afrika Kaskazini, kwa muda, kisha anafika pwani ya Latium katikati ya Italia, anamwoa binti wa mfalme wa wenyeji na kujenga mji wa Lavinium. Mwanawe anajenga Alba Longa. Vizazi vingi baadaye, binti wa kifalme wa Alba Longa anamzalia Mars, mungu wa vita, watoto mapacha. Watoto wanatupwa mtoni, mbwamwitu jike anawanyonyesha, wanakua, na mmoja wao, Romulus, anamuua nduguye Remus na kuanzisha Roma.

Kwa nini "vizazi vingi"? Kwa sababu hesabu ilikataa. Mtaalamu wa Kigiriki Eratosthenes aliweka kuanguka kwa Troya mwaka 1184 KK. Mwaka wa kuanzishwa Roma uliokuja kukubalika, ule wa msomi Varro, ni 753 KK. Katikati pana pengo la zaidi ya miaka 400, na Aeneas hawezi kuwa babu wa Romulus kwa karibu. Ndipo ikatungwa orodha ndefu ya wafalme wa Alba Longa, majina yakipangwa mmoja baada ya mwingine mpaka pengo likazibika. Hata huo mwaka 753 haukuwa na makubaliano: Timaeus wa Sicily alitaja 814, na Fabius Pictor, Mrumi wa kwanza kuandika historia ya watu wake (tena aliiandika kwa Kigiriki), alitaja 748. Walikuwa wanakadiria.

Simulizi hii ilikuwa na wenyewe. Ukoo wa Julius ulidai kwamba mwana wa Aeneas aliitwa Iulus na ndiye babu yao, kwa hiyo damu ya Venus inatiririka ndani yao. Julius Caesar alilitamka hilo hadharani mwaka 69 KK akimzika shangazi yake. Augusto, mtoto wake wa kupanga, alirithi jina, madaraka na huyo bibi wa kimungu kwa pamoja. Sisi nasi kila tukisema Julai tunautaja ukoo huo, maana mwezi ulibadilishwa jina kwa heshima ya Caesar.

Sehemu ya simulizi inayonivutia zaidi inakuja baada ya mauaji ya Remus. Romulus ana mji lakini hana watu. Anatenga mahali kwenye kilima cha Capitol pa kupokea yeyote anayekimbia kwao, mtumwa au mwungwana, bila kuuliza anakimbia nini. Wanaume wanajaa. Wanawake hawapo. Basi anawaalika majirani, Wasabini, kwenye sherehe, na katikati ya sherehe vijana wake wanawanyakua mabinti wao. Vita vinazuka, mabinti wenyewe wanaingia kati ya baba zao na waume zao, na mwisho makundi mawili yanaungana chini ya wafalme wawili. Mfalme wa pili wa Roma, Numa, ni Msabini. Wa tano, Tarquinius, ametoka mji wa Waetruski, na baba yake ni mkimbizi wa Kigiriki kutoka Korintho. Wa sita, Servius Tullius, anasemekana kuzaliwa na mateka.

Watu wengi duniani wakisimulia asili yao husimulia babu mmoja na damu isiyochanganyika. Waathene walijigamba kwamba wamechipuka katika ardhi yao wenyewe. Hawa wanasimulia mkimbizi, watoto wa kutupwa, genge la waliotoroka kwao na wake wa kunyakua, na hawaoni haya. Hatuna ushahidi kwamba lolote kati ya hayo lilitokea. Lakini watu huchagua wanachotaka kukumbuka, na hili ndilo walilochagua.

Nyumba za fito na udongo

Tuwaache wasimulizi tushike sepetu. Mwaka 1948 wachimbaji kwenye kilima cha Palatino walikuta matundu ya nguzo yaliyotobolewa katika mwamba. Yalikuwa mabaki ya vibanda vya Enzi ya Chuma: nguzo za miti, kuta za fito zilizokandikwa udongo, paa la nyasi. Mtu yeyote aliyekulia kijijini katika nchi zetu angezitambua nyumba hizo bila kuelezwa. Kabla ya hapo, mwaka 1902, mwanaakiolojia Giacomo Boni alikuwa amefukua makaburi ya kale chini ya uwanja wa Forum, yale ya mwanzo yakiwa ya kabla ya huo mwaka 753. Wafu wengine walikuwa wamechomwa na majivu yao kuwekwa katika vyungu, baadhi vikiwa na umbo la kibanda kidogo. Wengine walizikwa wazimawazima ardhini.

Wasomi wa zamani walifurahi mno. Wakasema wanaochoma ni Walatini, wenyeji wa Latium, wanaozika ni Wasabini, na simulizi imethibitika. Haikudumu. Ilionekana kwamba jamii ile ile ilichoma kwa kipindi fulani na kuzika kwa kingine, na pengine umri wa marehemu ulihusika. Namna ya kuzika si cheti cha kuzaliwa, ingawa kosa hili linarudiwa hadi leo, mara nyingine na watu wenye shahada kubwa kabisa.

Kinachoonekana ardhini ni kitu cha polepole. Kilima cha Capitol kilikuwa na wakazi tangu Enzi ya Shaba, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Vijiji vilikaa juu ya vilima, vikizika wafu wao mabondeni kwenye majimaji, kisha vikapanuka hadi vikagusana. Mahali penyewe palikuwa na faida: mto Tiber unavukika kirahisi karibu na kisiwa kilicho katikati yake, na hapo ndipo chumvi ya pwani ilipopita kwenda milimani kwa Wasabini, kwa njia ambayo hadi leo inaitwa Via Salaria, njia ya chumvi. Kivuko na soko la chumvi havikusanyi kabila moja. Hakuna safu ya udongo inayoonyesha jeshi la wageni likitua na kujenga mji, awe Aeneas au mwingine.

Chungu cha Falerii na jina la Pilato

Lugha inatupeleka mbali zaidi nyuma. Mtu wa Kiswahili, umuntu wa Kinyarwanda na omuntu wa Kiganda ni neno moja lililotawanyika, na hahitajiki profesa kutuonyesha. Vivyo hivyo baba kwa Kilatini ni pater, kwa Kigiriki pater, kwa Kisanskriti pitar. Kumi ni decem, deka, dasha. Kilatini ni tawi la familia ya lugha za Kihindi-Kiulaya, ambayo wataalamu wengi wanaihusisha na wafugaji wa nyika zilizo kaskazini mwa Bahari Nyeusi. Haikuota Italia. Ililetwa, kwa hatua nyingi, katika milenia ya tatu na ya pili KK.

Na ilikuja na ndugu zake. Katika mji wa Falerii, karibu kilomita 50 kaskazini mwa Roma, kimepatikana chombo cha kunywea chenye maandishi ya karne ya 4 KK: foied vino pipafo, cra carefo. Leo nitakunywa divai, kesho nitaikosa. Mrumi angeandika hodie vinum bibam, cras carebo, na nadhani wangeelewana vizuri, hasa baada ya chombo cha pili. Kusini na milimani walikaa wasemaji wa Kioska, lugha ya mbali kidogo ambamo mahali penye kw ya Kilatini huwa na p. Tano kwa Kilatini ni quinque. Kwa Kioska ni pompe. Kwa hiyo jina la Kirumi Quintius, lenye maana ya tano ndani yake, kwa Kioska ni Pontius.

Jina hilo tunalijua. Mwaka 321 KK jemadari wa Wasamni, wasemaji wa Kioska na maadui wakubwa wa Roma, alilinasa jeshi zima la Kirumi katika bonde jembamba na kulilazimisha lipite limeinama chini ya mikuki. Aliitwa Gaius Pontius. Zaidi ya miaka 300 baadaye, Pontio anaketi Yerusalemu akitoa hukumu kwa niaba ya Roma. Pontio Pilato, ambaye kila Jumapili mamilioni wanamtaja katika Kanuni ya Imani kama mfano hasa wa Mrumi, alibeba jina la ukoo la watu walioifedhehesha Roma.

Majirani wa ng'ambo ya mto

Ukivuka Tiber kwenda kaskazini, mambo yanageuka. Mji wa Veii, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Roma, ulikuwa wa Waetruski, na lugha yao haikuwa na undugu wowote na Kilatini. Mwana ni clan, binti ni sec. Hakuna filius wala filia ndani yake. Tunayo maandishi yao zaidi ya 10,000, mengi yakiwa mafupi ya makaburini, na tunaweza kuyasoma kwa sauti bila kuielewa lugha kikamilifu.

Kusoma tunaweza kwa sababu herufi zao ni jamaa za hizi unazozitazama sasa hivi. Waetruski walizichukua kwa Wagiriki waliohamia Italia, Warumi wakazipata kupitia kwao. Herufi ya tatu ya Wagiriki ilikuwa na sauti ya g, lakini Waetruski hawakuwa na sauti hiyo, wakaisoma kama k, na ikaishia kuwa C. Warumi wenye g mdomoni wakabaki wakitumia C kwa sauti zote mbili mpaka karne ya 3 KK mtu alipoiongezea mkia ikawa G. Ndiyo maana jina Gaius lilifupishwa kwa C siku zote.

Kama Waetruski hawafanani na majirani, walitoka wapi? Mwanahistoria wa Kigiriki Herodotus anasimulia kwamba huko Lydia, magharibi mwa Uturuki ya leo, palikuwa na njaa ya miaka 18. Watu wakabuni michezo ya dadu na mpira, siku moja wanacheza kutwa wasahau njaa, siku ya pili wanakula. Njaa haikuisha. Mfalme akapiga kura, nusu ya watu wakabaki, nusu wakapanda merikebu pamoja na mwanawe Tyrrhenus hadi Italia. Miaka 400 baadaye mwanahistoria mwingine, Dionysius, alikataa katakata: Waetruski ni wenyeji wa Italia, hawana lugha, miungu wala sheria za Walydia. Herodotus na Dionysius walikuwa wazaliwa wa mji mmoja, Halicarnassus, unaoitwa leo Bodrum. Ugomvi wa watu wa mtaa mmoja uliodumu miaka 2,000.

Dionysius huyohuyo, akiwa na uhakika ule ule, aliandika kwamba Warumi ni Wagiriki. Ukipatia moja haina maana umepatia zote.

Mwaka 1885 ubishi ulipata mafuta mapya. Katika kisiwa cha Lemnos, kaskazini mwa Bahari ya Aegean, lilipatikana jiwe la karne ya 6 KK lenye picha ya mpiganaji na maandishi ya lugha isiyo Kigiriki, iliyo ndugu wa dhahiri wa Kietruski. Lemnos iko karibu na pwani ya Anatolia, yaani Uturuki ya leo. Upande wa Herodotus ukashangilia. Wengine wakajibu kwamba huenda mabaharia ndio walioipeleka lugha huko kutoka Italia. Kishikeni kisiwa hiki akilini, tutarudi.

Jibu la upande wa damu lilitoka mwaka 2021, watafiti walipochapisha vinasaba vya watu 82 kutoka Etruria na kusini mwa Italia, walioishi kati ya mwaka 800 KK na 1000 BK. Waetruski wa kale hawakuonyesha dalili ya kuja karibuni kutoka Anatolia. Walifanana kabisa na Walatini wa ng'ambo ya mto, hata sehemu ile ya asili inayotoka kwenye nyika za kaskazini mwa Bahari Nyeusi walikuwa nayo. Hapa pana fundisho gumu kidogo: watu wale wale wa nyika waliingia kwa majirani wote wawili. Upande mmoja lugha yao ilishika, ikazaa Kilatini. Upande wa pili waliingia, wakaoa, wakaolewa, na watoto wao wakazungumza Kietruski. Hili lisitushangaze sana. Mjukuu wa Myao na Mnyamwezi aliyezaliwa Kariakoo anaota kwa Kiswahili, na ukimpima damu hutakiona Kiswahili humo.

Mifupa

Uchunguzi mkubwa kuhusu Roma yenyewe ulitoka mwaka 2019: jenomu (vinasaba vyote) za watu 127 kutoka maeneo 29 ya Roma na Italia ya kati, kwa kipindi cha miaka 12,000. Nitaueleza kwa mtiririko wa wakati.

Wa kwanza kabisa ni wawindaji wa Ulaya ya zama za mawe. Karibu mwaka 6000 KK wanafika wakulima wenye ngano na mifugo, na asili yao kubwa ni Anatolia. Kati ya mwaka 2900 na 900 KK, kipindi ambacho sampuli zake zinakosekana, inaingia ile damu ya nyika. Kisha tunafika kwenye Enzi ya Chuma, enzi ya Romulus na jamhuri changa, na hapo watu waliopimwa ni 11 tu. Wanane wanaeleweka kama mchanganyiko wa waliotangulia. Waliobaki wana chembe za asili ya Mashariki ya Karibu au Afrika Kaskazini. Kijiji cha kivukoni tayari kilikuwa na wageni.

Halafu unakuja mshtuko. Kutoka karne tatu za mwanzo za dola ya makaisari walipimwa watu 48. Kati yao ni wawili tu wanaofanana na kundi kuu la Enzi ya Chuma. Wengine wengi wameegemea mashariki mwa Mediterania: Ugiriki, Anatolia, Syria. Tangu karne ya 4, mji mkuu unapohamia Konstantinopoli na baadaye Wagothi na Walombardi kushuka Italia, mizani inarudi tena upande wa Ulaya ya kati na kaskazini.

Sasa rudi kwa Aeneas. Simulizi ilisema watu wa Anatolia walikuja Italia wakaizaa Roma. Na kweli watu wa Anatolia walikuja, tena mara mbili. Mara ya kwanza walikuwa wakulima, miaka karibu 5,000 kabla ya Vita vya Troya. Mara ya pili walikuwa watumwa, mafundi na wafanyabiashara, karne nyingi baada ya Romulus, Roma ikiwa imeshafikia kilele. Katika ule wakati ambao Aeneas alitakiwa kutua, hakuna wimbi kama hilo linaloonekana.

Wasomaji wa pwani ya Afrika Mashariki wataona kitu wanachokijua. Nasi tuna masultani wa Kilwa waliosemekana kutoka Shiraz, na kisiwa kilichonunuliwa kwa kitambaa cha kukizunguka, kisa kinachofanana ajabu na cha Dido wa Karthago aliyepewa ardhi inayoenea ngozi ya ng'ombe akaikata nyuzinyuzi. Kwa miongo mingi wasomi waliichukulia habari ya Washirazi kama majigambo matupu. Mwaka 2023 vinasaba vya watu 80 wa miji ya kale ya Waswahili vilionyesha akina mama wengi wa Kiafrika na akina baba wengi wenye asili ya Uajemi, wakichanganyika tangu karibu mwaka 1000 BK. Kwa hiyo simulizi ya asili huwezi kuiamini wala kuitupa kabla ya kuipima. Ya Kilwa ilipimwa ikabaki na kitu. Ya Herodotus kuhusu Walydia ilipimwa ikaanguka.

Nina tahadhari mbili kuhusu namba za Roma. Watu 11 hawawezi kusimamia miaka 700. Pili, tangu karibu karne ya 4 KK hadi ya 1 BK Warumi wengi walichoma wafu wao, na majivu hayatoi vinasaba. Maana yake kizazi cha Cicero na Caesar, ambacho wengi wetu tunakiwaza tukisikia neno Mrumi, kimenyamaza karibu chote. Na makaburi mengi yaliyopimwa ni ya jiji na bandari yake. Pima makaburi ya Mombasa peke yake kisha useme umeijua Kenya, uone utakavyochekwa.

Mji unaomeza watu

Kwamba watu wa mashariki walijaa Roma, walioishi humo walijua bila maabara. Mwanafalsafa Seneca, akimwandikia mama yake kutoka uhamishoni Corsica, alimwambia atazame umati wa Roma na kumuuliza kila mmoja kwao ni wapi. Wengi watakuwa wameacha makwao. Mshairi Juvenal alilalama kwamba Orontes, mto wa Syria, umeanza kumwagika ndani ya Tiber.

Chanzo kikubwa kilikuwa vita. Mwanajiografia Strabo aliandika kwamba soko la kisiwa cha Delos liliweza kupokea na kusafirisha watumwa elfu kumi kwa siku. Jiji lilifikia takriban watu milioni moja, na miji mikubwa ya kale ilikuwa inaua: malaria, maji machafu, msongamano. Bila wahamiaji wapya ingepungua. Mashariki ndiko kulikokuwa na watu wengi, miji mingi na njia za meli, kwa hiyo huko ndiko walikotoka wengi.

Lakini watumwa walikuwapo kila mahali zama hizo. Jambo la pekee la Roma ni kilichofuata. Mtumwa wa Athene akiachwa huru alibaki mgeni. Mtumwa wa raia wa Kirumi akiachwa huru kwa taratibu za sheria alikuwa raia, na watoto wake waliozaliwa huru hawakuwa na kizuizi kikubwa tena. Mfalme Philip wa Tano wa Makedonia aliliona hilo tangu mwaka 214 KK. Aliwaandikia watu wa Larissa, waliokuwa wagumu kupokea raia wapya, akiwataka wawatazame Warumi ambao hata watumwa wao huwaingiza katika uraia wakishawaacha huru, na hivyo wanaongezeka. Barua yake ilichongwa kwenye jiwe nasi tunayo. Adui ndiye aliyeisoma siri mapema.

Fasihi ya Kilatini nayo ni orodha ya waliotoka kwingine. Terence aliletwa Roma mtumwa kutoka Karthago. Ennius wa kusini alisema ana mioyo mitatu, kwa kuwa alijua Kigiriki, Kioska na Kilatini. Horace alikuwa mtoto wa mtumwa aliyeachwa huru. Virgil mwenyewe, mtunzi wa asili ya Warumi, alizaliwa karibu na Mantua, mji uliojivunia mizizi ya Kietruski.

Hakuna aliyeyaweka haya wazi kuliko Kaisari Klaudio, huyo ambaye jina lake tumelikuta kwa jemadari wa Yerusalemu. Mwaka 48 BK wakubwa wa Gallia, Ufaransa ya leo, waliomba kuingia seneti, na maseneta wakakunja nyuso. Klaudio akasimama kuwatetea. Sehemu ya hotuba yake ilichongwa kwenye shaba iliyopatikana Lyon mwaka 1528. Anawakumbusha maseneta kwamba wafalme wa Roma hawakuwa Warumi: Numa Msabini, Tarquinius mwana wa Mkorintho, Servius aliyezaliwa na mateka, au kama wanavyosema Waetruski, mtu wao aliyeitwa Mastarna. Alikuwa anajua anachosema. Alikuwa ameandika vitabu 20 vya historia ya Waetruski, ukoo wake ulitokana na Msabini Attus Clausus aliyehamia Roma na wafuasi wake, na yeye mwenyewe alizaliwa Lyon, huko huko Gallia.

Baada ya hapo mambo yakaenda kasi. Kaisari Trajan alitoka Uhispania. Septimius Severus, kaisari kuanzia mwaka 193, alitoka Leptis Magna, Libya ya leo, na waandishi wa kale wanadai lafudhi ya kwao haikumtoka hadi uzeeni. Mwanawe Caracalla aliwapa uraia karibu watu huru wote wa dola mwaka 212. Na Roma ilipotimiza miaka 1,000 kwa hesabu ya Varro, mwaka 248, aliyesimamia sherehe alikuwa Philip, mzaliwa wa Syria, anayejulikana katika historia kama Philip Mwarabu.

Jina likaendelea kuhama. Sura ya 30 ya Qurani inaitwa Ar-Rum, Warumi, na inaanza kwa habari za kushindwa kwao. Warumi hao waliokuwa wakipigana na Waajemi walitawaliwa kutoka Konstantinopoli na kuzungumza Kigiriki, na hawakujiita kwa jina jingine. Anatolia yote, nchi ya Aeneas, ikaitwa Rum. Mshairi Jalaluddin aliitwa Rumi kwa kuishi huko, ingawa alitoka upande wa Balkh. Konstantinopoli ilianguka mwaka 1453, lakini wakulima na wavuvi Wakristo chini ya Waturuki waliendelea kujiita Warumi.

Mwanahistoria Peter Charanis, mzaliwa wa Lemnos, kisiwa kile kile cha jiwe la mpiganaji, alisimulia kilichotokea Wagiriki walipokiteka kutoka kwa Waturuki mwaka 1912. Askari walipelekwa vijijini, na watoto wakakimbilia kuwatazama. Askari mmoja akawauliza wanatazama nini. Wakasema wanawatazama Wagiriki. Askari akashangaa: kwani ninyi si Wagiriki?

"Hapana," watoto wakamjibu, "sisi ni Warumi."